Filamu Aliyoipenda Fundi Mikanda

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ndiye kifungua mimba wake, nimepewa karatasi hii niisome, na mtanivumilia, maana nimechoka.

Baba yetu, mliyemwita Fundi Mikanda, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akamaliza shule ya msingi mwaka 1965, na mwaka 1970 akaajiriwa katika jumba la sinema, kwanza kufagia, baadaye kuendesha mashine ya kuonyeshea filamu, hadi jumba lilipofungwa tarehe 30 Juni 1998 na kugeuzwa ghala la magodoro.

Watu walitaka filamu za ngumi, yeye alipenda zile za Ulaya za taratibu, hasa moja ambayo mzee anachemsha maji ya chai kwa dakika sita nzima bila kusema neno. Mwaka 1977 aliionyesha akakosea, akaweka mkanda wa nne kabla ya wa tatu, ukumbi mzima usigutuke, isipokuwa muuguzi mmoja aliyepanda ngazi hadi chumba cha mashine kumuuliza inakuwaje mke wa yule mzee azikwe kwanza, kisha aje kumimina chai. Yeye na Baba walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, wakajaliwa watoto wawili, mimi na dada yangu.

Mama alifariki tarehe 9 Mei 2015, na tangu hapo Baba hakuwa na wa kuiangalia naye filamu ile nyumbani. Alinibembeleza miaka minane, nami nikitoka kwenye tanuri la mikate nilikuwa hoi, usingizi ukanichukua kila mara maji hayajachemka.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara mbili, akaomba arudi nyumbani, na Alhamisi tarehe 14 Septemba 2023 akaniambia leo tuimalize, nikamwahidi, nikalala. Nilipoamka saa kumi na moja jioni filamu ilikuwa imekwisha, Baba amefariki kitini, na mimi nimefunikwa shuka lake. Nilijilaumu sana.

Tunawashukuru madaktari, majirani mlioleta viti, na wenzake wawili wa sinema waliobaki.

Jana niliiangalia peke yangu, macho makavu, mpaka mwisho. Yule mzee anamkuta mwanawe amesinzia mezani, hamwamshi, anamfunika koti lake, kisha anaketi.

Pumzika kwa amani, Baba, nimeiona.