Dada Yetu wa Mengineyo

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake wa pale sokoni, na waheshimiwa wa baraza mliokaa viti vya mbele, mimi ni mdogo wake marehemu, tumeachiana ziwa, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, na sauti yangu mnaisikia ilivyokauka, kwa hiyo mnivumilie, nitakwenda polepole.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba hii hii mnayoiona, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akaanza shule ya msingi mwaka 1966 ng'ambo ya korongo, na walimu wake walisema ana kichwa kizuri ila ana ubishi, akiambiwa hesabu amekosea anauliza amekosea wapi, na asipoonyeshwa hakai chini. Alimaliza mwaka 1972, hakuendelea mbele kwa kuwa mama aliugua na yeye ndiye mkubwa, akashika jiko, akatushika na sisi wadogo zake, na makofi yake mimi nayakumbuka mpaka leo.

Mwaka 1975 alipelekwa kwa shangazi kujifunza kushona, akawa fundi cherehani, akapata kibaraza chake sokoni, na wengi wenu mliokuja hapa na ndevu zenu mlivaa sare za shule zilizotoka mikononi mwake. Alikuwa fundi kweli kweli, ila kama mafundi wote, nguo uliyoahidiwa Ijumaa uliipata Jumatatu tena baada ya kugombana, na sisi hatutaki kumsingizia marehemu sifa ambayo hakuwa nayo.

Tarehe 17 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi viatu, ambaye kibaraza chake kilitazamana na cha dada, wakawa wanataniana kutwa nzima mpaka wateja wanasahau kilichowaleta, na wakajaliwa watoto wawili, wa kike ambaye ni mwalimu na wa kiume ambaye ni fundi umeme, wote mnawaona hapa pamoja na watoto wao.

Sasa nafika kwenye jambo mnalolijua. Mvua za Aprili mwaka 2011 zilichukua kivuko cha mbao hapo chini korongoni, kile tulichopita kwenda shuleni, zahanati na makaburini, na tangu hapo mtu wa upande huu akitaka kwenda zahanati ama ateremke apite majini, ama azunguke kwa barabara kubwa, safari ya kumchosha hata mwenye miguu mizima. Shemeji alikuwa na kisukari na kidonda mguuni, alitakiwa kwenda kusafishwa kila wiki, mwanzoni akazunguka, baadaye akawa anaruka wiki, halafu akasema mguu umezoea. Mguu haukuzoea, tukampoteza tarehe 2 Juni 2013, na dada alilia akamaliza kulia, akafunika cherehani, akaenda kwenye kikao cha baraza la madiwani kuomba kivuko.

Kwa msiojua, mwananchi anaruhusiwa kuingia kikaoni, ila kusema anasema mwisho kabisa, kwenye mengineyo, na mengineyo hufika wakati chakula kimeshanukia nje na waheshimiwa wanatoka mmoja mmoja simu zikiwa masikioni. Dada alikaa benchi la nyuma tangu asubuhi, akasikiliza taarifa za idara zote, na zamu yake ilipofika akavieleza viti vitupu. Alirudi kikao kilichofuata, na kilichofuata tena, hata wakambandika jina la Mama Mengineyo, naye akalipokea, akasema afadhali sasa wana jina la kumwitia.

Mwenyekiti mmoja aliyepita, siyo huyu tuliye naye leo, alipoanza kazi alimwona pale kila kikao akadhani ni mtumishi, akamwagiza chai, na dada akaenda akaileta kweli, maana aliona akiwa na birika mkononi angalau atafika mezani. Akawa anamimina huku anaeleza habari za kivuko, mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante mama, sukari kidogo tu. Jioni alitusimulia tukacheka mpaka machozi yakatutoka, yeye akacheka kidogo, akaenda kulala bila kula.

Kuna siku walimsikia. Ilikuwa mwaka 2018, waheshimiwa wachache waliobaki walitikisa vichwa kukubali, wakanyoosha mikono, kivuko kikapitishwa, dada akapiga vigelegele peke yake ukumbi mzima, ndipo katibu akahesabu watu, akasema akidi haijatimia, amepungua mjumbe mmoja, kwa hiyo uamuzi si halali. Aliyepungua alikuwa diwani wetu wenyewe, alikuwa nje anakula.

Kikao kilichofuata dada alimwendea diwani huyo mapema, kifungo cha koti lake kinaning'inia, akamwambia mwanangu vua nikushonee, aibu hii mbele za watu, akalichukua koti na funguo za gari zikiwa mfukoni, na kifungo kimoja kikashonwa kutwa nzima. Diwani hakuwa na pa kwenda, mengineyo yakafika, akidi ikatimia, jamani, ikatimia, na mwenyekiti akatazama saa yake akasema muda umekwisha, mengineyo yaahirishwe. Nilikuwa nimekaa naye siku ile, nikamwona anazungusha uzi kwenye kidole, na ukiniuliza dada yangu alianza kuumwa lini nitakwambia ni siku ile, madaktari wana tarehe yao.

Tarehe yao ni Februari 2022, alipogundulika kuwa na shinikizo la damu na moyo uliotanuka, akaanzishiwa dawa, na bado aliendelea kwenda vikaoni, anapumzika kila penye kivuli, mpaka tukamwambia dada inatosha, wamekushinda hawa. Alitukasirikia, akasema watamshindaje mtu ambaye hawajamsikiliza. Nami nakiri nilichoka kabla yake, mara nyingi nilimwacha aende peke yake, nikijua atarudi na maneno yale yale.

Alilazwa hospitali mwezi Agosti mwaka huu, tukawa tunapokezana kumwuguza, na siku mbili kabla ya kutuacha alituita mimi na binti yake, akasema asipakiwe kwenye gari kuzungushwa kwa barabara kubwa, ateremshwe korongoni apitishwe pale pale kivuko kilipokuwa, na kila aliyekuja kumzika apite naye. Binti yake akamwuliza, mama, hata waheshimiwa? Akajibu, hao hasa. Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 6 Septemba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimsuka nywele, majirani mliotupikia na kutufulia, na mafundi wa sokoni mliofunga vibaraza kwa heshima yake. Tunawashukuru na ninyi waheshimiwa, mmekuja wengi, nasema kwa uchungu kwamba sijawahi kuwaona wengi hivi hadi kipengele cha mwisho, na tumewaambia wapanga ratiba kuwa salamu zenu mtazitoa kaburini, ng'ambo.

Kwa hiyo magari tunayaacha hapa. Maji leo yako chini kidogo ya magoti, mawe yana utelezi, watakaobeba jeneza wameshavua viatu, nanyi waheshimiwa tunawaomba mvue vyenu na mkunje suruali, mheshimiwa mwenyekiti akae hapa mbele karibu nami, nitamshika mkono, maana pale katikati mkondo una nguvu, ndio uliomfanya shemeji yetu azunguke. Hatukuombi utoe ahadi leo, mheshimiwa, tembea tu. Dada, pumzika kwa amani, tunakuvusha.