Miaka Thelathini ya Kufungua Mabega

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Mukandekezi wa idara ya fiziotherapia anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini, miezi miwili na siku ishirini na nne kazini. Siku tumezihesabu moja moja kwa sababu nusura zipungue, na namna zilivyookolewa ndiyo habari kubwa ya toleo hili.

Alizaliwa Karagwe, Tanzania, akasomea huko huko, na akaripoti kwetu hospitalini Kigali Jumatatu ya tarehe 3 Aprili 1995. Idara ilikuwa na kitanda kimoja na mfanyakazi mmoja, yaani yeye. Leo ina vitanda kumi na vinne na wataalamu tisa, saba kati yao wamepita mikononi mwake. Wagonjwa yeye huwatibu kwa Kinyarwanda. Wanafunzi huwagombeza kwa Kiswahili.

Bingwa wa nyonga alikuwa mwingine, wa mgongo mwingine. Yeye alichagua bega lililoganda. Mfuko unaozunguka kiungo cha bega huvimba, ukawa mnene na kukaza. Kwanza huja maumivu, kisha mkono unagoma kupanda wala kugeuka, halafu polepole unaanza kuachia. Safari nzima huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Huwapata zaidi wanawake, watu wa miaka arobaini hadi sitini, na wenye kisukari. Wagonjwa wengi walifika wamekwishakosea kwa njia moja kati ya mbili: wameufunga mkono kwa kitenge miezi mitatu, au wameuvuta kwa nguvu wakati bado unawaka. Kwa wote dawa yake ilianza na maneno mawili: buhoro buhoro. Polepole, lakini kila siku.

Kifaa chake kilikuwa mwiko wa ubugari, yaani ugali. Mgonjwa analala chali, anaushika kwa mikono yote miwili, na mkono mzima unausukuma ule mgonjwa kwenda nje. Jumatano, siku ya kliniki ya mabega, mikoba ilipita getini na miiko ikichungulia. Mlinzi alimuuliza Gasana, fundi cherehani wa Nyakabanda, "Mzee, leo mnapika nini huko ndani?" Gasana akajibu, "Tunapika bega!"

Agosti 2023 bega la kulia la Bi. Mukandekezi mwenyewe lilianza kuuma. Hakumwambia mtu. Alijua kwamba mtaalamu asiyeweza kuinua mkono hawezi kumnyanyua mgonjwa, na kwamba angestaafishwa kwa sababu za kiafya kabla ya wakati wake.

Kilichomfichua ni salamu. Hapa kwetu mdogo akimpa mkubwa mkono wa kulia, huushikilia kwa ule wa kushoto karibu na kiwiko, kwa heshima. Bi. Mukandekezi, mwenye miaka sitini na tatu, akaanza kuwasalimia hivyo watu wote: mkurugenzi, madereva, hata wanafunzi wa wiki ya kwanza, ambao walikosa pa kuficha nyuso. Ikasemwa kwamba uzee umemletea unyenyekevu. Waliofanya naye kazi muda mrefu walikuwa na shaka.

Cyusa, mwanafunzi wake wa zamani, alimzuia mlangoni mwezi Novemba.

"Mama, mimi ni mtoto wako. Mbona unanishikia mkono?"

"Ni heshima tu."

"Heshima iko na jasho?"

Akamwambia akae kitandani, aweke kiwiko ubavuni, ageuze mkono nje. Uligoma kwenye digrii kumi, hata Cyusa alipousukuma mwenyewe. Kuinuka mbele uliishia themanini na tano. Ndipo ikajulikana kwamba kwa miezi mitatu mwalimu wa buhoro buhoro alikuwa akijining'iniza kwenye fremu ya mlango nyumbani, apone haraka. Kisukari hakuwahi kupima. Alipopimwa, alikuwa nacho.

Februari 2024 kamati ya afya kazini ilimpa masharti: mkono ukiinuka mbele afikishe digrii 140 kabla ya tarehe 30 Septemba, au aondoke. Alipewa sindano moja ndani ya kiungo, dawa za kisukari, na mwiko asubuhi na jioni. Alikuwa mgonjwa mbaya sana. Wiki ya tatu aligunduliwa akifanya mazoezi mara tano kwa siku, bega likavimba upya. Cyusa alimgombeza kwa Kiswahili kile kile alichojifunza kwake: "Mama, nani amekutuma kukimbia?"

Kuanzia hapo hospitali nzima iliingia mchezoni. Namba ilitoka kila Jumatano: tisini na mbili, tisini, mia na nne, mia na kumi na tisa. Walinzi waliuliza digrii kama wanavyouliza matokeo ya Amavubi, timu ya taifa ya soka. Mwezi Agosti ilisimama kwenye 131 wiki tatu mfululizo, na jikoni watu wakaacha kutaniana.

Jumatano ya tarehe 25 Septemba, Cyusa alikataa kupima mwenyewe asije akapendelea. Alimwita daktari wa mifupa kutoka nje ya idara. Daktari alipima mara mbili, akaandika 147. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walipiga vigelegele kabla hata hajaweka kalamu chini.

Katika miezi tisa iliyofuata Bi. Mukandekezi alitibu wagonjwa 212 wa mabega. Pia aliacha kanuni mpya: kila anayefika na bega lililoganda anapimwa sukari siku hiyo hiyo. Watu thelathini na mmoja wamejua hali yao kwa njia hiyo. Kliniki ya Jumatano sasa ni ya Cyusa.

Bi. Mukandekezi, tunakushukuru. Umeondoka tarehe uliyoitaka wewe, si tarehe ya bega. Shamba lako la Gahanga linakusubiri: likakupe mavuno, na uyapakie mwenyewe juu ya gari.