Mkono wa Dada Nyuzi Haukuwa wa Kukaribisha

Viongozi wa dini, ndugu, majirani na nyote mliokuja kutusindikiza, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa moja, na ukoo umenikabidhi karatasi hii kwa sharti la kuisoma kwa adabu, nami nimekubali, ila adabu si kumezea kila kitu, kwa hiyo mtanivumilia.

Dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya reli, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na mkewe, akaanza darasa la kwanza Januari 1958, akamaliza la saba mwaka 1964 akiwa wa pili darasani, na hapo masomo yakaishia kwa sababu kaka zetu walitangulizwa, jambo ambalo hakulisemea kamwe, isipokuwa kaka alipokosea hesabu mbele yake.

Tarehe 3 Mei 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, lile jengo la matofali mekundu lenye paa la meno ya msumeno ambalo wengi wenu mmelipita mkija hapa, akaanza kwa kufagia vumbi la pamba, na mwaka 1969 akakabidhiwa mashine nne za kufumia, akawa mwepesi mno wa kuunga nyuzi zilizokatika, hata wenzake wakamwita Dada Nyuzi, nami nikamfuata kazini mwaka uliofuata. Ndani ya ukumbi ule mashine mia mbili zilinguruma kwa pamoja, ukimpigia mtu kelele sikioni hasikii, kwa hiyo tuliongea kwa mikono, kuvuta sikio maana yake nishikie mashine nakwenda chooni, kugusa bega maana yake msimamizi anakuja, na kiganja juu ya kichwa, vidole vimetanuliwa, maana yake zimeni mashine, mtu ameumia.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1974, mkanda wa mashine ulinasa mkono wa kushoto wa mfumaji mmoja, na mfumaji huyo ndiye anayewasomea. Dada alipanda juu ya sanduku la nyuzi, akainua kiganja, akakaa hivyo mpaka aliyekuwa kwenye swichi kuu akamwona, na ndiyo maana leo nimebakiwa na vidole viwili badala ya kukosa mkono mzima. Siku hiyo alikuwepo mpiga picha aliyeletwa na kampuni, naye akampiga picha pale pale juu ya sanduku, mdomo wazi na meno nje, kwa asiyejua anacheka, kumbe alikuwa akiliita jina langu.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na dereva wa lori lililoleta marobota ya pamba, marehemu shemeji yangu, aliyekuwa akilalamika kwamba mke wake akikasirika hagombi, anachezesha vidole tu na yeye haelewi ametukanwa nini, wakajaliwa watoto wawili, seremala na muuguzi, ambao mnawaona hapa mbele.

Kiwanda kilifungwa tarehe 28 Juni 1991, mashine zikauzwa chuma chakavu, jengo likawa ghala la mahindi, na dada akarudi humo humo kushona midomo ya magunia, kisha mwaka 2003 likawa ukumbi wa harusi, akarudi tena kuongoza wafagiaji, hata watu wakatania kwamba jengo likigeuzwa jela atakuwa mfungwa wa kwanza. Mwaka 2019 liliuzwa, likapakwa rangi, likawa ofisi za kukodi na mgahawa, na safari hii hakuhitajika.

Walichohitaji wenye mgahawa ni picha yake. Waliikuta kabatini, wakaikuza ikawa na urefu wa mlango, wakaitundika mapokezi, na chini yake wakaandika kwamba mfanyakazi wa zamani asiyejulikana anawakaribisha wageni, kisha wakaukata ule mkono peke yake, wakauchora kwenye vikombe, kwenye menyu na kwenye fulana za wahudumu. Kuuliza si ujinga, na yule wasiyemjua alikaa mitaa miwili tu kutoka mlango wao.

Alikwenda kuwaeleza tarehe 11 Februari 2022, akiwa na miaka sabini na moja, mlinzi akampitisha mlango wa nyuma, na meneja akamsikiliza kwa tabasamu, akamwambia kwamba wateja wameshaizoea, akampa zawadi ya kikombe. Alikwenda mara tatu zaidi, akarudi na vikombe vingine vitatu. Hakutaka picha iondolewe, alitaka maandishi tu yasahihishwe, kwa sababu alisema haiwezekani watu wanywe chai chini ya kilio chake wakidhani anacheka.

Mapafu yake yalianza kumsumbua mwaka 2021, kwa vumbi lile lile la pamba, akalazwa mara mbili, na Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, akafariki akiwa amenishika vidole hivi viwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliompikia uji miezi minane bila kuombwa, na wafumaji wenzake waliobaki, ambao ni saba. Mgahawa nao umeleta shada kubwa asubuhi hii, lenye kadi, na kwenye kadi kumechorwa mkono ule ule. Maua tumeyapokea, hayana kosa. Kadi nimeirudisha kwa meneja, amekaa safu ya tatu, na nyuma ya kadi hiyo nimeandika maneno ya kuweka chini ya picha: Dada Nyuzi, mfumaji, anaomba mashine zizimwe, mdogo wake amenaswa. Hahitaji kuongeza neno.

Sasa nawaomba wale wafumaji saba wasimame, wainue viganja kama tulivyofundishana, na meneja atazame vizuri, aone kama kuna hata mmoja anayemkaribisha.

Dada, walikuona, mashine zilizimwa, na mimi nilitoka. Teremka sasa kwenye hilo sanduku, ushushe mkono, upumzike kwa amani.