Waliotolewa Kwenye Picha ya Kuwashia Mashine

Benchi la nje ya duka la kahawa linakaa watu watano wakibanana, lakini Kifutio aliketishwa ncha ya mwisho, tako moja ndani, moja nje. Ni wiki tatu sasa tangu aachishwe kazi. Wenzake wa benchini walimtangulia kufukuzwa: Dereva, Bwana Stoo, na Shangazi Mapokezi, aliyewachekea wageni wa kampuni yao miaka kumi na minne, na leo hamchekei mtu. Kifutio alikuwa fundi wa kompyuta pale ofisini. Bosi alitaka kila mashine ikiwashwa, kabla ya kitu kingine chochote, itokee picha ya wafanyakazi wote wamepanga mstari kwenye ngazi, na chini yake maneno: “Sisi ni familia moja.” Kila mtu alipofukuzwa, Kifutio aliitwa amtoe, kisha awasogeze waliobaki ili pengo lisionekane. Aliifanya kazi hiyo kwa ustadi, na jina akalipatia hapo.

Leo mlinzi wa geti alikuwa amemnong'oneza jambo, naye akashindwa kukaa nalo.

— Jamani, mimi bado nimo! Wakiwasha mashine, picha yangu inatokea vilevile.

— Sasa nani akutoe? Dereva akamdaka. — Mtoaji si wewe? Mimi uliniondoa hata funguo za gari sijarudisha.

— Tena, Dereva, akauacha mkono wako begani kwangu, alisema Bwana Stoo. — Miezi mitano, kabla sijafukuzwa, nilikuwa kwenye picha na mkono usio na mwenyewe. Wageni wakiniuliza, huu wa nani? Nawajibu, wa familia.

Walicheka, kicheko cha kuumia. Kifutio naye akacheka kidogo, kwa tahadhari.

— Kuna neno la siri, alieleza. — Bila hilo huwezi kubadilisha picha. Na hakuna aliyeniuliza.

— Acha hizo, Bwana Stoo akasema. — Wamekuacha makusudi. Wewe ni sanamu la shambani. Waliobaki wakikuona, wanafyata.

— Mimi nasema bado yuko kazini, Shangazi akaingilia. — Sura yake inaripoti saa mbili kamili, haichelewi, haiumwi, haiombi likizo. Mfanyakazi gani mwingine wanamtaka?

— Nyinyi hamjui kitu! Dereva akajipiga paja. — Bosi anamwogopa huyu. Ametega mashine zote arobaini. Siku wakimgusa hata sikio, zinazima, na taa za mtaa mzima zinazima.

— Sijatega chochote, kaka.

— Basi wewe bwege. Ungetega!

Kifutio alijua kinachofuata, maana kila siku kilifuata: wangemtazama kwa macho ya lawama, kisha wangezungumza kana kwamba hayupo. Hilo lilimchoma kuliko kukosa kazi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi tatu zilizokunjwa.

— Niliamriwa, alisema. — Kwa kila mmoja wenu niliyemtoa, nililetewa karatasi yenye sahihi ya bosi. Someni wenyewe.

Shangazi alisoma yake. Akairudia.

— “Atolewe kabla ya saa nne asubuhi.” Hee! Mimi nilikuja kuambiwa saa tisa mchana.

— Nisamehe, Shangazi.

— Yaani nimekaa pale mapokezi kutwa nzima, nacheka na watu, na nilishatolewa?

Dereva alizikusanya zile karatasi, akazikunja taratibu, akamrudishia mwenyewe.

— Adui yetu yuko kule ghorofani, alisema. — Huyu alitumwa tu. Sogeeni apite. Njoo katikati hapa, ndugu yangu.

Kifutio akakaa katikati, matako yote mawili. Machozi yalimlenga, akayasukuma chini kwa kahawa.

Ndipo akatokea mama wa usafi wa ofisi ile ile, kabeba mfuko wenye kandambili na aproni.

— Na mimi leo, alisema tu.

Wakabanana wakampa nafasi, wakamtilia kahawa. Shangazi akamsimulia habari ya karatasi, na kwamba Kifutio hakuwa na kosa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akipuliza kikombe chake.

— Mimi pia nilipigwa ile picha, alisema. — Nilisimama mwisho, karibu na mlango, na ndoo yangu. Hereni nilikuwa nimeziazima kwa dada. Siku mashine zilipowekwa picha, nikamleta mama yangu mzazi aje anione. Tukatafuta, tukatafuta. Simo. Mama akaniambia labda sikutoka vizuri.

Akamgeukia Kifutio, bila hasira yoyote.

— Sasa mwanangu, mimi nilikuwa bado kazini. Nani alikuamuru unitoe?

Wote wakamtazama Kifutio, wakingoja alitaje jina la bosi. Yeye akazifungua karatasi zake moja moja, akazisoma upya, ingawa alijua fika kuwa ya mama haimo. Hakuna aliyemwagiza. Siku ile aliona tu kuwa ndoo inaharibu picha, akaikata, na mama wa watu akaenda na ndoo yake.