Bi. Ndunge na Chupa Sita za Mvinyo Mchanga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Ndunge Mulinge anastaafu baada ya miaka ishirini na minane katika hoteli yetu ya Kitengela. Aliingia akiosha vyombo. Anatoka akiwa msimamizi wa ukumbi wa chakula na mlinzi wa stoo ya mvinyo. Tumeombwa tuandike kwa furaha. Tutajaribu, ingawa wengi wetu tuna wasiwasi, na mimi Nashon Obura, mpishi ninayeachiwa stoo hiyo, nawashinda wote.

Wageni hushangaa kusikia kwamba Bi. Ndunge hanywi pombe. Ni mama wa kanisa huko Noonkopir. Mvinyo huuonja, huutema, husuuza kinywa, kisha hukuambia upike nini. Chupa ya kwanza aliyowahi kufungua alikisukumia kizibo ndani, akauchuja mvinyo kwa kichungi cha chai mbele ya harusi nzima. Alicheka yeye kwanza.

Ila siku tusiyoisahau ni ile ya Machi, miaka minne iliyopita. Shamba moja la maua la Isinya lilikuwa limepoteza wanunuzi, na wafanyakazi mia mbili wakaambiwa wakae nyumbani wangoje. Mke wangu Selpha alikuwa mmoja wao. Wanunuzi wapya walikuja kutoka Ufaransa kulikagua, na meneja wa shamba akatuomba tuwaandalie chakula cha mchana na mvinyo wa kwao. Tulikuwa na chupa sita za Beaujolais, mvinyo mwekundu mchanga, mwepesi, wenye ladha ya matunda.

Wiki hiyo stima ilikuwa imepotea siku tatu, kipoza hewa kikazimika, na stoo ikawa na joto kama tanuri. Siku ya chakula chenyewe, saa nne asubuhi, Bi. Ndunge aliniita humo, akafunga mlango.

"Nashon, sisikii harufu. Tangu ile homa ya mwezi uliopita, sisikii kitu kabisa."

"Umeambia nani, Mama?"

"Hakuna. Nilidhani itarudi. Sasa hizi chupa kama zimeharibika na joto, mimi siwezi jua."

Alimimina kidogo kwenye glasi, akanisukumia. Nilimwambia sijui mambo ya mvinyo.

"Sitaki ujue mvinyo. Niambie tu inakukumbusha nini."

Nilinusa. Nikasema zambarau, zile tulizookota nyumbani kwa nyanya yangu nikiwa mdogo. Akashusha pumzi. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu ilinuka kama jamu iliyoungua sufuriani. Tulipomaliza, zilizofaa zilikuwa tatu, na wageni walikuwa tisa.

Angeweza kunyamaza. Badala yake alienda moja kwa moja kwa meneja wetu, Bi. Caren, akamwambia yote: pua, joto, chupa tatu. Bi. Caren alishika kichwa. Kisha akasikia kwamba hizo tatu zinatakiwa kwenye ndoo ya barafu.

"Ndunge, mvinyo mwekundu kwa barafu? Watatucheka!"

"Huu ni mwepesi, Madam. Ukiwa moto unakaa kama dawa. Dakika ishirini tu. Na ule mchuzi wa pilipili tuutoe, utaufunika mvinyo. Nashon achome kuku wa kienyeji na mbavu za mbuzi, na kachumbari isiyowasha."

Nilichoma huku nikimwaza Selpha. Kuku wa kwanza aliungua akawa kama makaa, nikaanza upya.

Mezani, mama mmoja mnunuzi aligusa glasi, akashangaa ubaridi wake, akanywa, akachukua ubavu wa pili. Chupa zilipoisha akaomba nyingine. Bi. Ndunge alimwambia wazi kwamba zilizobaki zimeharibiwa na joto la stoo yetu na hawezi kumpa. Meneja wa shamba akaangalia sahani yake.

Yule mama akamgeukia huyo meneja, akamwonyesha Bi. Ndunge. "Huyu," akasema kwa Kiingereza cha polepole, "hawezi kuniuzia ua lililonyauka."

Wiki mbili baadaye mkataba ulitiwa sahihi. Hatusemi ni chakula chetu. Maua yenyewe yalikuwa mazuri. Tunachojua ni kwamba Selpha alirudi kazini.

Pua ilikaa miezi mitano bila kusikia harufu. Siku moja nikiwa jikoni nilisikia akipaza sauti kutoka ukumbini: "Nashon, kitunguu kinaungua!" Kilikuwa kinaungua kweli. Sijawahi kufurahia kosa langu kiasi hicho.

Hata hivyo, haikurudi yote. Harufu ya kahawa bado haisikii, na daktari hakumwahidi kitu. Ndiyo maana tangu wakati huo amenifundisha kila alasiri, bila kunihurumia. Bado nakosea, na Julai wageni wanakuja naye hayupo.

Sasa anaenda Isinya kufuga kuku. Bi. Ndunge, tutakupigia simu mno, tuvumilie. Asante kwa kutufundisha kusema ukweli kabla mgeni hajaonja. Nenda salama, ule vizuri, upumzike, na asubuhi moja uamshwe na harufu ya kahawa.