Kitunguu Kilichosimamisha Gari la Mkurugenzi

Mgeni Rasmi, ambaye ndiye Mkurugenzi wetu Mkuu, wakuu wa idara, mkufunzi wetu, wake na waume zetu mliotuvumilia, mabibi na mabwana.

KARIBU

Sisi madereva wa ofisi hii tunakukaribisha kwa mikono miwili katika kufunga mafunzo yetu ya kutambua hatari barabarani. Tunajua umekaa getini dakika kumi na moja kabla ya kuingia. Sababu yake tutaifikia, tena kwa heshima zote.

TULIKOTOKA

Kabla ya mafunzo, kila mmoja wetu alijiona bingwa. Hatari tulikuwa tunaijua ikishagonga bampa. Ndipo akaja mkufunzi wetu, mama aliyeendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na sita, akatuambia, "Nyinyi mnaangalia barabara. Mimi nataka muangalie kinachotaka kuingia barabarani." Akatuzoesha kuendesha huku tukisema kwa sauti kila tunachokiona: mlango wa gari unafunguka, mbwa kageuza shingo, baiskeli ina mzigo upande mmoja.

MAFANIKIO

Kwa miezi sita hatujagonga kitu, ukiacha tangi la maji la ofisi, ambalo lilikuwa limesimama mahali pake. Nyumbani nako mafunzo yamefika. Mwenzetu wa lori aliingia jikoni akasema kwa sauti, "Mke mbele, kanyamaza, mwiko mkononi, punguza mwendo." Mkewe yuko hapa, atathibitisha.

Aliyetupita wote ni Taratibu, dereva wako mwenyewe. Ana miaka ishirini na miwili kwenye usukani, na bado miwili astaafu. Mkufunzi alimpa alama zote.

CHANGAMOTO

Matairi ya gari namba tisa yamekuwa laini kama kipara. Hilo tuliache kwanza. Changamoto yetu kubwa ni kitunguu.

Tunaeleza kama Taratibu alivyotueleza, maana wewe wakati ule ulikuwa kwenye simu. Alikuwa anakupeleka mkutanoni, mmechelewa, na ulishamwambia mara tatu akanyage mafuta. Mbele kulikuwa na lori limeegeshwa kando ya soko. Kutoka chini ya lori kikabingirika kitunguu mpaka katikati ya barabara. Taratibu akajiambia, kitunguu hakitembei peke yake, mwenyewe anakuja. Akakanyaga breki kabla hajaona mtu yeyote.

Wewe, kwa kuwa mkanda ulikuwa hujaufunga, ulikwenda mbele. Miwani ikaingia chini ya kiti, nawe ukaifuata. Hapo ndipo bibi mmoja akachomoka mbele ya lori, kainama, anakimbiza kitunguu chake, hatazami kulia wala kushoto. Gari likasimama hatua moja kutoka alipo. Taratibu akashuka, akamvusha bibi, akamkalisha kwenye ngazi za duka, akarudi kukiokota kile kitunguu. Ulipoipata miwani na kuinua kichwa, ulimwona dereva wako amesimama katikati ya barabara, kitunguu mkononi. Alipotaka kukueleza, ulimwambia, "Endesha." Akaendesha.

Barua ya mashtaka aliyoandikiwa Taratibu inasema "alisimamisha gari la ofisi ghafla ili kujipatia kitunguu." Tusamehe, Mgeni Rasmi, tulicheka. Tuliacha kucheka tulipofika mwisho wa barua, kwamba kikao cha nidhamu ni Jumatatu na adhabu inayopendekezwa ni kufukuzwa kazi.

Kwa sasa kawekwa getini kuinua kizuizi. Kazi anaifanya vizuri kupita kiasi: hapiti mtu mpaka afunge mkanda, na yeye alizunguke gari akiyapiga matairi teke. Leo foleni ilifika barabara kubwa, nawe ulikuwa humo. Mchana, wenzake wakienda kula, yeye huingia kwenye gari lako, ambalo ufunguo wake alishanyang'anywa, akashika usukani, akakaa tu. Inatuuma kumwona hivyo.

MAOMBI

Tunaomba matairi manne. Tunaomba wakubwa wanaokaa nyuma nao wafunge mkanda.

Ombi la tatu katibu wako alilikata kwa wino mwekundu, nasi tumelirudisha kwa penseli. Kabla hujasaini chochote Jumatatu, msikilize yule bibi. Tulimtafuta sokoni siku tatu. Yuko safu ya pili, mwenye kikapu. Tulipomuuliza tukuambie nini, alisema hivi:

"Mwambieni bosi, siku ile yeye alikuwa chini ya kiti anatafuta miwani, na mimi nilikuwa chini natafuta kitunguu. Aliyekuwa anatazama ni mmoja tu."

Mungu akufikishe salama kila uendako, Mgeni Rasmi, na akujalie uwe na mtu wa kukuangalizia njia.

Ni sisi, Madereva wa Ofisi Kuu: kumi na watatu tuliosimama mbele yako, na mmoja aliyeko getini.