Lidwina Luambano na Daftari la Baraza la Rika (1958–2025)

Mheshimiwa Padre, ndugu, jamaa na marafiki, familia inaleta mbele yenu maisha ya mama yetu Lidwina Kajetani Luambano, kama alivyoyaishi na kama alivyoagiza yasomwe, bila kuongezewa sifa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, Peramiho, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kajetani Luambano, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari mjini Songea, na mwaka 1981 akaajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2018, akijulikana kwa kuandika kila neno na kumtaka kila msemaji atie sahihi.

Tarehe 2 Juni 1984 alifunga ndoa na Mwalimu Joachim Haule, aliyemtangulia mbele ya haki, wakajaliwa watoto watatu, Beda, Noela na Dorine.

Mwaka 2019 alianzisha Baraza la Rika hapa Msamala, mjini Songea, ambako kijana mwenye kosa dogo, badala ya kufikishwa mahakamani, alisikilizwa na vijana wenzake, akaomba radhi, akafanya kazi ya fidia, kisha naye akakaa kwenye benchi kumsikiliza anayefuata, huku wakosaji wakiwatania waamuzi kwamba juzi tu walikuwa wezi wa kuku, na marehemu akicheka mpaka miwani inamdondoka. Husemwa kwamba baraza liliokoa mamia ya vijana; kumbukumbu zinaonyesha arobaini na mmoja, na hatujui wangapi kati yao wangejirekebisha wenyewe.

Tarehe 20 Novemba 2021 kijana Ramson, wa miaka kumi na tisa, aliyeletwa kwa kuiba simu dukani Majengo, aliahidiwa na marehemu kwamba yatakayosemwa barazani yatabaki barazani, akaamini, akakiri pia uvunjaji wa nyumba ambao hakuna aliyemshuku kuufanya, na marehemu, kwa mazoea ya kazi ya miaka thelathini na saba, akaandika yote kwenye daftari la baraza na kumtaka atie sahihi. Machi 2022 polisi waliokuwa wakichunguza uvunjaji ule walilichukua daftari, sheria haikuwakataza, na Julai Ramson akafungwa miaka miwili kwa maneno yake mwenyewe, marehemu akiwa shahidi wa upande wa mashtaka, akakiri kizimbani kwamba ahadi ile hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Baraza halikuketi tena.

Ramson alipotoka, mwishoni mwa mwaka 2023, akiwa amepunguziwa theluthi ya kifungo, marehemu alimfuata mara tatu anakofyatua matofali, na mara zote kijana alimwamkia shikamoo mama, akamwambia hana neno naye, akaendelea na kazi bila kumtazama. Wapo waliosema huo ulikuwa msamaha. Yeye hakuukubali ushahidi huo, nasi hatuusomi hivyo.

Januari 2025 alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitalini mjini hapa, akarudi nyumbani ulimi ukiwa mzito, akafariki dunia tarehe 9 Mei saa nane mchana, jina la Ramson likiwa miongoni mwa machache aliyoweza bado kuyatamka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Msamala, maafisa ustawi aliofanya nao kazi, na vijana waliokaa kwenye benchi lile. Wewe Ramson, kama umo humu, familia haikuombi usogee mbele wala useme lolote. Inakiri tu hadharani, kwa niaba yake, kwamba ulisema kweli ukaumizwa kwa kusema kweli.

Mama Lidwina, upumzike kwa amani.